Ile Wi-Fi ya Murera

Mami, Wambui wangu,

Kwanza ujue unaandikiwa na nani. Kutoka hapa Landless, Thika, mpaka huko Mwiki ya Ruiru unakoenda, hakuna fundi wa Wi-Fi kama babako. Mimi nikikohoa karibu na rauta, taa zote zinawaka kijani kwa heshima. Kuna nyumba moja Ruiru niliingia tu mlangoni, hata begi sijafungua, mtandao ukarudi wenyewe, na mwenye nyumba akataka kunipa binti yake hapo hapo. Nikamwambia niko na bibi na niko na binti, asante, nipe chai tu. Na haya yote nimeyafanya na Form Two, tena hiyo Form Two yenyewe sikuimaliza. Waliomaliza ndio wananipigia simu wakilia eti intaneti imepotea.

Haya, cheka kidogo hapo, maana huko mbele hakuna kicheko kingi.

Umelala. Mizigo yako ya kuhamia kwako kesho iko hapa sebuleni: godoro limefungwa kamba, meko, ndoo, na juu ya yote boksi ya ile rauta niliyokununulia. Umeitoa kwa mizigo, nikairudisha. Ukaitoa tena, nikairudisha tena. Tumekuwa kama watoto wanaosukumana kwa benchi.

Jana nilikusikia ukimwambia mamako, "Mimi sitaki Wi-Fi ya Baba. Ningeenda tu Murera siku ile, Cucu angekuwa hai." Ulidhani niko bafuni. Nilikuwa bafuni kweli, lakini ukuta wa bafu yetu unaujua, ni mwembamba kama gazeti. Nilisimama na sabuni usoni mpaka ikakauka.

Umelibeba hilo neno tangu tumzike Cucu yako, mama yangu. Kesho unataka kulipakia pamoja na godoro ulipeleke Ruiru. Siwezi kukuacha uondoke nalo, Mami, kwa sababu si lako. Nitakwambia ni la nani. Ila nivumilie. Mimi kitu cha moyo siwezi kukisema moja kwa moja. Lazima nizungushe waya ukutani kwanza, nipige misumari, ndio nifike kwa soketi.

Habari ya gesi, ya kufunga mlango, ya kutopika omena dirisha likiwa limefungwa, hiyo mamako amekwambia mpaka umezidi kuchoka. Sina la kuongeza. Hata ile ya wavulana nimemwachia yeye, maana mimi nilikuwa mvulana wa aina hiyo hiyo anayokuonya nayo. Ulizaliwa nikiwa na ndevu tatu kidevuni, na ulipokuja kutajwa jina hakukuwa na mjadala: msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Ndiyo maana tangu siku hiyo nakuita Mami. Sijawahi kukutuma kitu nikasahau kwamba nawatuma wawili.

Sasa acha nikwambie ya rauta.

Nilipoanza kazi hii, nilikuwa najua kuunganisha waya na kupiga domo, basi. Kuna ploti moja ya ghorofa pale Mwiki, mwenyewe ni mzee wa kofia, mkali kama pilipili. Nikamwekea Wi-Fi, nikambadilishia ile paswadi ya kuingilia, nikajipiga kifua. Lakini rauta iko na paswadi mbili, Mami. Moja ni ya lango, hii watu wote wanaijua. Nyingine ni ya chumba cha ndani, kule unaingia kubadilisha mambo yenyewe, na hiyo inakuja kutoka kiwandani ikiwa neno moja ambalo kila mtu duniani analijua. Hiyo mimi niliiacha hivyo hivyo. Nilikuwa na haraka, na kusema ukweli, sikuwa najua ina maana gani.

Baada ya siku chache mzee akanipigia.

"Njoroge, wewe ni fundi ama ni msanii?"

"Mimi ni yote mawili, mzee. Kuna shida?"

"Kuja usome simu yangu!"

Nikaenda. Kumbe vijana wa ghorofa ya juu wameingia mpaka chumba cha ndani, wakamfungia nje mwenye nyumba kwa Wi-Fi yake mwenyewe, halafu wakaibadilisha jina. Kila mtu wa mtaa ule akifungua simu yake kutafuta mtandao anaona imeandikwa LANDILODI REKEBISHA CHOO.

Nilicheka mpaka nikakaa kwa ngazi. Mzee hakucheka. Siku hiyo nilijifunza kazi yangu kwa aibu, na kitu ukijifunza kwa aibu hakitoki.

Kwa hivyo ukifika kwako, kabla hujaangalia hata video moja, ingia kwa chumba cha ndani. Namba za kuingilia zimebandikwa chini ya hiyo rauta. Badilisha neno la kiwandani. Halafu ubadilishe la lango. Usiweke jina lako, wala mwaka wa kuzaliwa, wala "mungunimwema", hiyo nusu ya Ruiru wanaitumia na Mungu anajua. Chukua maneno manne yasiyojuana, uyapange kwa mstari kama watu wa foleni ambao hawasalimiani. Kile kitufe cha kuunganisha bila paswadi kizime, hicho ni mlango wa nyuma ambao mtu yeyote akipita sebuleni kwako anaweza kuubonyeza. Ikikuuliza ijisasishe, ikubalie, usiwe kama mimi nilikuwa naiambia kesho, kesho. Na usiifiche chini ya kitanda. Iweke juu, mahali pa wazi, haipendi kufunikwa, ni kama babako.

Hayo ndiyo ninayowafundisha watu. Yote ni kweli na yote nayajua nikiwa nimefumba macho. Ya Murera ndiyo yalinishinda, na pale nilikuwa nimeyafumbua.

Unakumbuka kwa nini tulimwekea Cucu ile Wi-Fi. Nyumba yake ya Murera imeingia bondeni, simu haikuwa inashika ndani. Ilikuwa mpaka apande hadi langoni, asimame juu ya lile jiwe, ndio asikike. Mtu wa pressure, miguu imevimba, kupanda na kushuka kusalimia mjukuu. Nikasema hapana, mama ya fundi hawezi kupigia simu kwa jiwe. Nikavuta laini, nikamwekea. Wewe ndiye ulimfundisha kubonyeza picha ya uso wako kukupigia, na kushikilia kile kipaza sauti kidogo akitaka kutuma maneno, kwa sababu kusoma hakujua. Paswadi nikamwekea ya kukumbuka rahisi: kukunyeusi7.

Kosa la kwanza hilo. Si la paswadi, la kudhani mama yangu ni mtu wa siri.

Wiki haikuisha. Nikaja nikakuta watu wamepangana kwa ua wake kama ndege kwa waya. Kijana wa boda amelala juu ya pikipiki anaangalia mpira. Wasichana wawili wa shule wanaandika kazi ya nyumbani. Nyina wa Shiro, yule jirani wa kanisa, ameleta kiti chake kabisa na sufuria ya maharagwe ya kuchambua, simu kaiegemeza kwa kopo anasikiliza mahubiri. Na Cucu mwenyewe yuko mlangoni anapaza sauti kwa mtu ambaye hata hajafika:

"Ni kuku nyeusi, uibandike pamoja! Halafu saba! Usiache nafasi, ukiacha nafasi inakataa!"

"Mami," nikamwambia, "hiyo ni siri. Hiyo hutangazi."

"Siri ya kuku?"

"Wanakuibia, Mami. Ndio maana inakuwa pole pole."

Akaniangalia kama nimemwambia jua linaibiwa. "Njoroge, mtu akiomba moto kwangu, moto wangu unapungua? Na maji ya tangi, umewahi kuniona nikimnyima mtu?"

"Hii si maji."

"Basi ni nini?"

Hapo fundi mkuu kutoka Landless mpaka Mwiki akageuka mhubiri. Nikaanza kumweleza habari ya wezi wa mtandao, mtu anaweza kukaa hapo kwa ua afanye maovu halafu polisi waje kwa mlango wako. Nilisema ukweli, hayo hutokea. Lakini sikuwa nasema kwa kumwogopea. Nilikuwa nasikia aibu. Wale wateja wangu wakisikia mama ya Njoroge anatangaza paswadi kama muuza nyanya, watasema nini? Mpaka yule kijana wa boda akanirushia maneno: "Fundi, ongeza nguvu kidogo, hapa kwetu inakwama!" Kwetu. Watu wakacheka. Cucu pia akacheka. Nikaondoka nimeungua kama nyasi ya Januari.

Nilivumilia hiyo hali miezi kadhaa. Halafu ikaja siku nimetoka kugombana na mteja, nikapitia Murera kula chakula cha mama, nikajaribu kutuma picha za kazi, ikakataa. Ua umejaa. Nikaingia kwa chumba cha ndani, nikabadilisha paswadi. Huko nje nikaanza kusikia: "Aii, imeenda." "Hata yangu." "Cucu, kuku imekataa!" Wakaondoka mmoja mmoja. Nyina wa Shiro akabeba kiti chake.

Cucu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Umefanya nini?"

"Nimefunga. Sasa itakuwa yako peke yako, utaona vile inakimbia."

"Hii yangu nayo haishiki."

"Lete simu niiweke." Kisha nikaongeza, na nilikuwa natabasamu, Mami, nilidhani namchokoza tu vile tumezoea: "Lakini kwanza useme Njoroge nimekosa, sitatangaza tena."

Akasimama hapo. Unamjua. Wewe ni yeye. Akasema, "Sijamwibia mtu, sijamnyima mtu. Nimekosa nini? Kaa nayo." Akarudi jikoni. Nikamaliza chakula, nikanawa, nikaondoka. Nilijiambia Jumapili nitarudi nimwekee, na nitakuwa nimempelekea mkate tukacheke. Jumapili nikapata kazi Ruiru, nzuri, ya kujionyesha. Sikurudi.

Unajua kinachoniuma kama fundi? Rauta ile iko na njia ya wageni. Unaiwasha, inakuwa na jina lake na paswadi yake, watu wa ua wanatumia hiyo, na ya nyumbani inabaki ya nyumbani. Hawaingii kwa mambo yako, na unaweza kuwapimia kasi wasikumalize. Nimewawekea watu wengi hiyo kitu. Ni kazi ya dakika chache. Cucu angetangaza kuku yake mpaka achoke na hakuna kitu kingeharibika. Mimi nilijua. Sikutaka wageni wake wapate njia. Nilitaka washindwe.

Na kwako Mwiki uiwashe hiyo ya wageni, tafadhali. Jirani akibisha akuombe, mpe hiyo. Si lazima umpe kila kitu, lakini usimrudishe hivi hivi. Nilidhani mama yangu anaibiwa, Mami. Alikuwa anatembelewa. Hakuwa na kitu kingine cha kuwavuta watu wakae na yeye. Shamba dogo, mguu mbaya, watoto wako Thika wanajisifu. Akapata hiyo moja, akaitumia kwa akili kuliko mimi niliyeiweka.

Ua ukabaki bila mtu. Wenye simu walikuwa wakimwona kila siku wakitafuta mtandao, sasa wakawa wanapita. Sio kwa ubaya. Mtu akishaambiwa imefungwa, anaona aibu kusimama.

Nyina wa Shiro ndiye alimkuta, unajua hiyo. Asubuhi alisikia kuku wakilia bandani na hakuna aliyewafungulia. Alikuwa sakafuni jikoni. Alikuwa ameanguka jana yake. Hospitali hapa Thika walijaribu, wewe uliona, na usiku ule ukaisha vile uliisha.

Hili hujui. Tulipokuwa tumempeleka, mamako akanituma nirudi Murera nichukue shuka na kadi yake ya kliniki. Nikakuta simu yake chini ya meza ya jikoni. Nikaiwasha na kuiwekea ile paswadi mpya, nikifikiri labda kuna mtu wa kupigiwa. Hapo hapo simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni. Alikuwa ameshikilia kile kipaza sauti siku zote hizo, akituma maneno, na maneno yalikuwa yamekaa kwa simu yake yakingoja mlango. Yote yalikuwa yangu. Yakaingia yakifuatana.

La kwanza anacheka: "Njoroge, wewe ni kichwa ngumu kama babako. Kuja uniwekee, nimesamehe." La pili: "Leo hakuna mtu amekuja. Hata yule wa boda amepita mbio, sijui ako na nini." Lingine hakuna maneno, ni kuku tu na yeye anapumua, nadhani alibonyeza bila kujua. La mwisho sauti iko chini: "Njoroge, nimeanguka hapa jikoni. Sio sana, ni mguu tu. Ukipata nafasi, kuja. Usimwambie Wambui, ako na mtihani."

Nimeyaweka. Hakuna mtu nimemsikizisha, hata mamako. Ukitaka siku moja kuyasikia, ni haki yako kuliko yangu. Niambie tu, nitakuletea Mwiki mwenyewe, si mbali, ni safari ya kusinzia kidogo.

Kwa mazishi watu waliuliza mbona hakuna aliyejua. Nikasema mtandao ulikuwa umekatika, wachimbaji wa barabara walikata waya. Watu wakatikisa vichwa, wakawalaani wachimbaji. Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya mamako na leso mdomoni. Niliona ukiliamini hilo, na niliona ukilichukua, ukaanza kujiuliza mbona wewe hukwenda kuangalia. Nikanyamaza. Mimi, mwenye mdomo wa kuuza barafu Limuru kwenye baridi.

Sasa nimefika kwa soketi, Mami.

Waya haukukatwa na mtu. Ninaweza kuona rauta ya Murera kwa simu yangu nikiwa popote, hiyo ni kazi yangu. Jioni ile, siku aliyoanguka, niliiona. Ilikuwa inawaka kijani, nzima kabisa, na hakuna kitu hata kimoja kimeunganishwa nayo.

Nilikuwa nimekaa hapa hapa nilipokaa sasa. Ukaja na simu mkononi, ukasema, "Baba, Cucu hapatikani tangu juzi. Hata laini ya kawaida. Naenda Murera, nitalala huko, nitasoma huko." Nikakwambia ni mtandao, wamekata waya, watatengeneza kesho. Ukasema unaenda tu. Nikapaza sauti. Nikasema una mtihani, unataka kurudia mwaka kwa sababu ya salamu? Sikuwa naogopea mtihani wako. Nilijua ukifika atakwambia, "Babako alinifungia, akataka niombe msamaha." Sikutaka ulijue hilo juu yangu. Ni hilo tu. Kitu kidogo hivyo.

Wakati huo alikuwa sakafuni na alikuwa bado anaongea.

Hukukosa kwenda, Wambui. Ulikuwa unaenda. Ulikuwa umesimama hapo mlangoni umeshavaa viatu, na ni mimi nilikwambia uvivue.

Babako,
Njoroge